Sikio la Baba Limezuiwa Forodhani

Asubuhi binti alifagia maneno ya mama yake kabla ya kubandika maji ya chai. Yalikuwa madogo kama chenga za mchele, yametapakaa kuzunguka kiti cha baba. Tangu kifaa cha sikio lake kiharibike, kila neno aliloambiwa na mkewe lilifika shavuni, likakosa pa kuingia, likadondoka. Jirani mmoja aliyaomba alishie kuku, akanyimwa.

Baba alikuwa fundi wa matangi ya mvuke. Nyundo ndizo zilizomla masikio. Kusoma hakujua.

"Niambie mimi, mama, nitamwonyesha kwa ishara."

Mama, ambaye hakuwa ameinuka kitandani tangu mvua zianze, alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, haya hayapiti mdomo wa mtu. Kaniletee sikio la mume wangu."

Kifaa kipya kilikuwa forodhani, rafu ya juu. Binti alikiona kwa macho yake. Ila nchi iliyotengeneza chipu yake iligombana na serikali kuhusu bei ya madini, na ugomvi wa bei ukahamia wizara ya ulinzi, ikapiga marufuku chipu zote za nchi hiyo.

"Dada, chipu hii inaweza kuongoza kombora," afisa alisema. "Ni usalama wa taifa."

"Itamwongoza baba tu, kutoka kitini hadi kitandani."

"Nakuelewa. Hata dawa za mama mkwe wangu ziko rafu hiyohiyo."

Aliporudi, baba alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameushika mkono wa mama, na mkono ulikuwa umeshapoa. Shuka lilijaa maneno. Mengine yalikuwa bado na joto.

"Amesema sana," baba alisema kwa sauti yake ya kiwandani. "Nami nikaitikia tu. Ndiyo, mke wangu. Ndiyo. Sijui nimekubali nini."

Baada ya mazishi baba aliyaokota maneno kwa ncha za vidole, akayatia kwenye kopo la majani ya chai. Wakubwa walipatana kuhusu madini, wakapeana mikono. Katazo la chipu likabaki, kwa kuwa lilikuwa la wizara nyingine.

Siku hizi baba huenda forodhani na kopo lake. Afisa humpa kiti, hushusha boksi la kifaa amwonyeshe kwamba halijaguswa. Boksi na kopo hukaa juu ya kaunta kidogo, ubavu kwa ubavu. Kisha afisa hurudisha lake juu, na baba hulitia lake kwapani.

"Ndiyo," huitikia akitoka, na hakuna aliyemwambia kitu.