Mdomo wa Turbo

Usiku wa jana niliota injini ya boti yetu imelazwa wodini, kitanda namba sita, imefunikwa shuka hadi kwenye mfuniko wa oili. Kando yake imesimama stiki ya kupimia oili, imevaa koti jeupe.

"Wewe ni ndugu wa mgonjwa?"

"Mimi fundi wake."

"Wote husema hivyo."

Nikaingiwa na woga. Saa kumi na mbili asubuhi boti hiyo ilipaswa kumvusha dada yangu Asteria, mjamzito wa mapacha, akapasuliwe hospitali ya ng'ambo ya ziwa. Boti nyingine hatuna. Nami mchana nilikuwa nimeifanyia sevisi, nikaacha kuiwasha kuijaribu kwa sababu dizeli ilikuwa ya kutosha safari tu.

Injini inakohoa. Moshi mweusi unajaa wodini.

Stiki inajifuta, inajichomeka ndani ya mgonjwa, inajichomoa, inajisoma. "Oili ipo. Mimi simo."

"Basi ni dizeli chafu," nikasema, maana fundi lazima aseme kitu.

Filta ya dizeli ikaingia na kiti chake, imenuna. "Mimi mpya, umenifunga mwenyewe leo. Usinichafulie jina, bwana."

"Basi nozeli za kunyunyizia dizeli."

Nozeli nne zikaja zimeshikana mikono. "Sisi? Hebu tazama!" Zikaninyunyizia shati lote, ukungu mwembamba, sawasawa.

Mara wodi ni boti, kitanda ni benchi, na Asteria amelala juu yake ameshika tumbo. Tuko katikati ya ziwa, tumesimama.

"Kaka, mbona hatuendi?"

"Tunaenda," nikamdanganya.

Kwenye kona turbo, ile inayoivutia injini hewa, imekaa, imenyoosha kidole juu kama mwanafunzi. Nikagundua ilikuwepo tangu wodini, na hakuna aliyeiuliza chochote.

"Sema basi!"

"Mmmh," ikajibu.

"Haiwezi," stiki ikanieleza. "Mdomo umezibwa, hata hewa haivuti. Si kanuni yako hiyo? Ukifungua mpira wa kupitishia hewa, ziba mdomo wa turbo kwa kitambaa, nati isidumbukie ndani. Umeifuata vizuri sana. Hongera."

Asteria akainua kichwa. "Kaka, hiyo si kanga yangu?"

Nikashika ncha, nikavuta. Haikutoka. Nikakanyaga ukuta kwa miguu yote miwili, nikavuta tena, nikaamka.

Kumekucha. Nikajicheka. Upuuzi gani huu, nozeli kushikana mikono! Nikafungua mkoba wa spana ili roho itulie tu. Kanga kuukuu aliyonipa Asteria nilikuwa nimeichana vipande vinne vya kufutia na kuzibia. Nikahesabu vitatu. Nikahesabu tena.

Nilikimbia peku hadi gatini nikipiga kelele, "Bilali, usiwashe! Usiwashe!" Nahodha Bilali alikuwa ameshashika ufunguo, abiria wananitazama kama kichaa. Sikumsalimia mtu. Nikarukia botini, nikalegeza klempu iliyobana mpira wa hewa, nikauchomoa.

Kipande cha nne kilikuwa humo mdomoni mwa turbo, kimekunjwa vilevile nilivyokikunja. Nilikiweka kikavu. Sasa kilikuwa kimelowa mate.

Nikakaa chini pale pale, kitambaa mkononi.

Kwenye benchi la boti, Asteria akainua kichwa.

"Kaka, hiyo si kanga yangu?"