Mjusi wa Mkia wa Buluu

Baba alinipigia simu ghafla akanialika likizo. Yeye, ambaye tangu atuache miaka kumi na minne iliyopita hakuwahi kunialika hata chai. Siku sita kisiwani, alisema, nauli juu yake, chumba juu yake, mimi nije na viatu imara tu. Nikaomba ruhusa kiwandani. Sikuwa na hamu ya bahari wala ya kisiwa. Nilitaka kitu kimoja: aniambie mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa nini hakuja kumzika mama. Mwaka ule, miaka mitatu nyuma, alituma ujumbe kwamba amelazwa hospitali, amefanyiwa upasuaji. Nilitaka sana kuamini.

Baba ni mwalimu mstaafu wa biolojia, na ugonjwa wake ni mijusi. Mijusi, nyoka, kobe, vyura, chochote kinachotambaa au kurukaruka kwenye tope. Ana daftari la jalada gumu ambamo ameandika kila aina aliyoiona kwa macho yake: mahali, tarehe, saa, hali ya hewa. Walimu wenzake walikuwa wakiliita daftari hilo mke mdogo. Mama alikuwa akicheka wakisema hivyo, halafu ikafika siku akaacha kucheka.

Kisiwa chenyewe kizuri, sikatai. Jua la asubuhi halichomi, jioni unavaa sweta, na mlima wote umekatwa ngazi ngazi, bustani za mindimu zikishikiliwa na kuta za mawe. Wageni wenzetu walishuka ufukweni na taulo zao. Sisi tukapanda mlimani kupekua mawe.

Siku ya kwanza alinikumbusha sheria alizonifundisha nikiwa na miaka saba. Jiwe unalivuta upande wako, ili aliye chini yake, kama ana sumu, atokee upande wa pili. Ukishatazama unalirudisha polepole, lilale vilevile lilivyokuwa.

"Hiyo ni nyumba ya mtu, mwanangu," alisema. "Huwezi kuibomoa ukaondoka zako."

Mtu huyuhuyu alitoka kwetu na begi moja, Jumanne, mama akiwa sokoni.

Siku ya pili alinikamata mkono kwa nguvu. "Tulia! Nyoka mweusi, mrefu, pale chini ya mti."

Nikatazama. Ulikuwa mpira wa maji. Mtunza bustani, aliyekuwa juu ya ngazi akipogoa matawi, alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyo haumi, mzee," alisema. "Labda umfungulie bomba." Baba naye akacheka, lakini nilimwona akiugusagusa ule mpira kwa ncha ya kiatu, ahakikishe. Kazi yangu mimi ni ukaguzi wa vitambaa. Kutwa nzima jora linapita mbele ya taa, na mimi natafuta uzi mmoja uliokatika. Sidanganyiki kirahisi.

"Baba, huoni?"

Akakaa juu ya ukuta, akavua kofia. "Katikati kumeingia giza. Pembeni naona kidogo. Kusoma ndiyo basi tena. Daktari amesema hayarudi." Kisha akachangamka. "Ndiyo maana nikakuita. Nilisikia una macho ya kuona uzi uliokatika! Nilishawahi kuja hapa, nikawapata wote kasoro mmoja, mjusi wa mkia wa buluu. Ukimwona wewe, ukanisogeza karibu, nitamwona kwa pembeni. Nimpate huyo, nifunge daftari."

Kumbe yaliyoalikwa ni macho. Mwenye macho alikuja nayo kwa sababu hayabanduki. Iliniuma, lakini pia nilimhurumia, na siku tatu zilizofuata nilimwongoza kwa mkono kama mtoto. Tukapata mijusi kafiri nyuma ya mbao. Tukapata vyura kwenye tangi la kumwagilia, wadogo, kijani kibichi, na mmoja akamrukia kwenye mkono wa shati. Alicheka kicheko nilichokuwa nimekisahau. Nikaanza kujiambia kwamba lile neno litakuja tu lenyewe, nisilikimbize.

Asubuhi ya mwisho, boti yetu ikiondoka saa nane mchana, alinisukumia daftari juu ya meza ya chai. Hakuwahi kumwachia mtu daftari lile. "Nisomee nilichoandika nilipokuja mara ile. Ukuta wenyewe nimeusahau."

Nikapekua mpaka nikaona jina la kisiwa. Halafu nikaona tarehe. Ile tarehe sihitaji kuikumbuka, iko nami kila siku. Ni siku tuliyomzika mama, alasiri, mjomba akigeuka kila mara kutazama njia kama kuna anayekuja.

Nikasoma kwa sauti, sikuruka kitu. "Tarehe kumi na tisa, mwezi wa saba. Saa tisa alasiri. Ukuta wa tatu juu ya tangi. Vyura wawili. Mkia wa buluu sikumpata. Jua zuri. Siku njema sana."

Nikasubiri. Nilimpa nafasi ya kutosha.

"Ukuta wa tatu!" Akajipiga paja. "Na mimi nilikuwa nahangaika na wa nne. Haya, inuka twende."

"Baba, hiyo tarehe."

"Ina nini?"

"Ulisema ulikuwa hospitali."

Akageuza kichwa kidogo mpaka akanipata kwa pembeni ya jicho. "Ah, mwanangu. Safari ilishapangwa. Na mama yako alishakwenda, ningemsaidia nini? Twende, jua likipanda watajificha."

Hilo ndilo neno nililolifuata.

Tukapanda. Nikaanza upande mmoja wa ukuta, yeye akapiga magoti upande wa pili akipapasa mawe, suruali imelowa umande. Nilivuta jiwe la sita au la saba. Alikuwa pale. Mwembamba, mweusi wa kung'aa, na mkia wa buluu iliyokolea kuliko nilivyodhani. Baridi ya asubuhi ilikuwa imemlegeza, hakukimbia. Alinitazama tu.

"Kuna nini hapo?" baba aliuliza. Alikuwa hatua mbili kutoka kwangu.

"Hamna kitu, baba."

Nikalirudisha jiwe polepole, likalala vilevile lilivyokuwa.

Alitafuta mpaka saa saba. Mwishowe akakaa chini, mikono imechubuka, akanipa kalamu na daftari. "Andika. Ukuta wa tatu. Mkia wa buluu hakuonekana."

Nikaliweka daftari gotini, nikaandika kwa hati nzuri, mistari imenyooka, tarehe ya siku ile na haya: "Saa tatu na nusu asubuhi. Mjusi wa mkia wa buluu, mmoja, mzima, chini ya jiwe la pembeni. Jua zuri. Siku njema sana."

"Umeandika?"

"Nimeandika, baba."

Akalipokea, akapitisha kiganja juu ya ukurasa, akalifunga na kulitia mfuko wa koti, upande wa moyo. Kisha akaninyooshea mkono nimwongoze. Nilidhani roho yangu ingetulia, haikutulia. Nikaushika mkono wake, na njia nzima ya kushuka nilikuwa namwambia palipo na jiwe, asijikwae.