Namba ni Ile Ile

Pikapu hiyo ilinitesa siku mbili, na mimi si mtu wa kuteswa na injini ya mazutu, yaani dizeli. Hapa Vulamba, mjini Butembo, watu huniletea zile ambazo mafundi wengine wameshindwa. Hii ilikuwa ya miaka ya sabini. Kahongya, mfanyabiashara wa Beni, aliinunua Eringeti kama chuma chakavu, haina plaki ya namba, imepakwa rangi juu juu, akaikokota hadi kwangu. Nilisafisha chujio, nikafungua pampu. Kavu. Tangi lilikuwa na mazutu, lakini hata tone halikufika kwenye injini. Nilikuwa nimeanza kuitukana.

Siku ya tatu akaja Jokébed, mama aliyesikia kwamba kwangu kuna pikapu iliyotoka Eringeti, na carte rose, kadi ya usajili wa gari, ameificha ndani ya Biblia. Mumewe, Esdras, alifuata kakao Eringeti miaka minne iliyopita. Yeye na pikapu yake hawakurudi.

"Papa fundi, unisomee namba ya moteur," alisema. "Niangalie kama iko sawa na hii."

Nilifurahi kupata kazi ninayoiweza. Nikakwangua grisi ubavuni mwa injini, nikapitisha chaki juu ya chuma, tarakimu zikajitokeza. Nilisoma moja moja, naye akazifuata kwa kidole kwenye karatasi. Ya mwisho nayo ilipolingana, nilicheka.

"Namba ni ile ile, Mama. Moteur ya asili kabisa, hapana mutu aliibadilisha."

Kwetu mafundi hiyo ni habari njema, na mdomo wangu ulitangulia kichwa. Jokébed alikaa juu ya tairi kuukuu.

"Niliomba ikuwe ya mutu mwingine," alisema. "Kama gari iko inatembea, nilikuwa nasema yeye pia iko anatembea."

Niliona haya mpaka masikioni. Nikasema pole, neno lisilofaa kitu, kisha nikarudi kwenye injini kwa sababu huko ndiko ninakojua la kusema.

"Mazutu haifike," nikamwambia, kana kwamba ameniuliza.

"Inua kiti," alijibu bila kunitazama. "Kuko bati. Chini yake kuko robinet ya kufunga mazutu, alitia yeye mwenyewe. Alikuwa anaifungaka ili wezi basiibe gari."

"Kila mara?"

"Hapana. Kama anashuka kidogo tu, na anarudi sasa hivi."

Nikainua kiti, nikang'oa bati. Robinet ilikuwepo, imefungwa hadi mwisho. Nikaifungua, nikapampu kwa mkono, nikazungusha ufunguo. Injini iliwaka mara moja, safi, bila hata kukohoa. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na sijawahi kuchukia injini kwa kuwaka.

"Zima, papa," alisema Jokébed.

Nikazima. Kisha nikainama tena chini ya kiti, nikaifunga robinet kama Esdras alivyoiacha.