Bendera ya Saba

Wakazi wote wa Kisiwa cha Tamsey wanatangaziwa kwamba bendera za uwanja wa gofu wa makazi mapya zitakuwa za samawati, wala si za kijani kama ilivyotangazwa awali.

Verdelle Bligen alilisoma tangazo hilo mlangoni pa kanisa, akaenda makaburini. Bendera ya saba, ya kuonyesha shimo la saba la gofu, ilikuwa imechomekwa futi moja kutoka kaburi la mumewe, Hezekiah, ubavuni mwake hasa, mahali alipokusudia kulazwa yeye. Alikuwa na umri wa miaka themanini na mmoja; suala hilo halikuwa la nadharia.

Alimkuta mpimaji wa kampuni inayojenga uwanja huo, kijana Preston Ludlow, amekumbatia sanduku lililojaa vikombe vilivyovunjika, sahani na saa zilizosimama.

"Nimewasafishia, mama," alisema kwa fahari. "Watu wametupa takataka hapa miaka mingi!"

"Ahsante, mwanangu. Hicho kikombe cha juu ndicho Hezekiah alichonywea chai yake ya mwisho. Nilikivunja mwenyewe."

"Mlikuwa mmegombana?"

"Miaka hamsini na miwili. Lakini kikombe nilikivunja siku ya maziko. Kwetu marehemu huwekewa chombo alichokitumia mwisho, nacho huvunjwa ili kifo kikatikie hapo, kisiwafuate waliobaki. Kama unionavyo, kimetii."

Preston aliiva uso kama kaa aliyechemshwa.

"Sikuandika kipi kilitoka wapi."

"Basi piga magoti. Wewe utashika, mimi nitakumbuka."

Walifanya kazi hiyo hadi adhuhuri. Saa ya mwalimu Lavinia ilirudi kichwani pa kaburi lake, ikionyesha saa kumi na dakika ishirini, wakati aliokata roho. Sahani kubwa kuliko zote ilirudi kaburini kwa Ishmael, wala hakuna aliyeuliza sababu.

Kikombe kiliwekwa mwisho. Kisha Preston, bila kuombwa, akatandaza utepe wake wa kupimia ubavuni mwa Hezekiah hadi kaburi la jirani.

"Futi mbili na nusu, mama. Utatosha ukilala kiubavu."

"Hivyo ndivyo nilivyolala tangu nilipoolewa. Alikuwa mnene."

Preston aliing'oa bendera, na jioni hiyo akawaandikia wakubwa wake barua ndefu ya kuomba shimo lihamishwe.

Baada ya wiki tatu kamati ya mipango iliamua: makaburi yatambuliwe kuwa sehemu ya mandhari; shimo la saba libaki lilipo; bendera yake, kwa heshima ya marehemu, iwe nyeupe; na maombi ya maziko mapya yawasilishwe kwa kamati ndogo, itakapoundwa.