Mwenyeji wa Masimba

Chandni alisimama ofisini mbele ya wazee wa Masimba, mara tu alipoitwa. Bila kitambulisho, chuo cha uuguzi kingempa mtu mwingine nafasi yake, na bila saini ya kamati ya wazee hakuna kitambulisho. Mzee Ombui, mwenyekiti, alimaliza chai yake taratibu, kana kwamba hakuna roho ya mtu iliyokuwa juu juu mbele yake.

"Wewe unasema ni mwenyeji wa hapa Masimba. Mwenyeji ni nini?"

"Ni mtu wa mahali, mzee. Nimezaliwa hapa."

"Hata ng'ombe ya kununua inazaa hapa. Mwenyeji ni mwenye mji. Hiyo neno ilitoka hapo. Na mji ya Mkisii, boma yake, inajulikana na makaburi. Baba yako Umesh alizikwa wapi?"

Swali hilo ndilo aliloliogopa usiku kucha. Alimtupia jicho mama yake, Chandrakala, aliyekaa nyuma kwenye benchi.

"Hakuzikwa, mzee. Sisi Wahindu tunachoma maiti. Majivu tuliyamwaga Mto Gucha."

Wazee wakatazamana. Mmoja akaguna.

"Gucha inaenda ziwani," Ombui akasema bila ubaya wowote, na upole huo ukamuuma Chandni kuliko matusi. "Basi hapa hamna mtu."

Chandni alitaka kutaja duka lao, shule, Ekegusii, lugha ya Wakisii anayoota nayo. Lakini hakuna hata kimoja kilichokuwa kaburi. Chuo kilikuwa kinamponyoka hivi hivi akitazama.

"Kaburi iko," Chandrakala akasema.

Chandni akageuka.

"Mtoto mdogo sisi hapana choma, tunazika. Ile ya kwanza yangu, kijana, alikufa hata meno hajaota. Shamba hatukuwa nayo. Mama Mong'ina alitupa mahali kwa migomba yake, nyuma ya soko. Yeye mwenyewe alichimba. Muulizeni."

Hasira na huruma vilimjaa Chandni kifuani kwa pamoja. Miaka yote amejiita mtoto wa pekee, na mama amelibeba hili peke yake, akipima sukari na kuwachekea wateja.

Ombui akavua kofia. "Aliitwa nani?"

Chandrakala akainua uso. "Parth."

Mzee akatia saini, akaisukuma fomu mezani. Chandni hakuigusa. Alikwenda kwenye benchi, akamshika mama yake mkono.

"Nipeleke kwa kaka yangu," akasema.