Adabu ya Khelef

Mwanangu Khelef alikuwa na miaka kumi na sita, na bunduki hajapata kuishika ila ya mti. Jumapili ile ya mapinduzi, Januari, risasi zinalia mitaa ya Ng'ambo tangu alfajiri, alivaa kaptula yake ya skauti akanambia, "Mama, nnakwenda kituoni. Polisi wanataka watu wa kuilinda serikali."

"Serikali gani hiyo ya kulindwa na we usiyejua hata kufunga msuli kiunoni?" Akacheka, akanibusu mkono. Na mimi mjinga nikamwacha ende.

Walimpa bunduki na risasi tano, asiwepo wa kumwonyesha pa kuzitilia. Wavulana sita wakawekwa nyuma ya magunia ya mchanga, wakaambiwa msaada unakuja. Msaada upi? Wakubwa wenyewe washapanda meli, na wale watoto hawakuambiwa neno! Alirudi laasiri hana viatu, hana bunduki, analia kama siku niliyomwachisha ziwa.

"Mama, sikumpiga mtu. Wallahi sikumpiga mtu."

"Najua, baba," nikamwambia. Nikamficha ghalani juu, nyuma ya magodoro, nikamwonya hata kukohoa asikohoe.

Kesho yake wakaja watu wanne na mapanga, wanawatafuta vijana waliokuwa kituoni. Mmoja nilimjua: Silima, aliyekuwa akituletea nazi kutoka Kidichi kila Ijumaa. Niliapa kwa msahafu kuwa Khelef yuko Pemba kwa mjomba wake, Mungu anisamehe. Wakapekua, wakapindua vitanda, wasimuone. Wakaanza kushuka, nami nikashukuru moyoni.

Silima akasita kwenye ngazi. Akaita kwa upole, kama alivyokuwa akiita siku za Ijumaa akitaka kusaidiwa kikapu: "Khelef!"

"Naam!" akaitika mwanangu kutoka ghalani.

Jamani! Ni mimi. Ni mimi niliyemzaba kofi mtoto wa miaka mitatu kwa kumuitika mkubwa "eh". Mkubwa akikwita unaitika naam, tena upesi, usimpe taabu ya kuita mara ya pili. Mtaa mzima ulinisifia adabu ya Khelef, na mimi nikivimba kichwa. Silima alimsifu kuliko wote. Alijua, shetani yule. Alijua namna nilivyomlea.

Walimshusha. Alipofika mbele yangu akanambia, "Nisamehe mama, imenitoka." Yeye ananiomba mimi radhi! Sikumuona tena, na kaburi lake silijui.

Mwaka wa nane huu. Binti yangu Bahiya anakaa nami na mwanawe, mjukuu wangu wa miaka mitatu. Jana nilikuwa jikoni nikamwita, akaniitika, "Eh?" Mama yake akainua mkono ampige.

Niliudaka ule mkono, nikaubana mpaka Bahiya akapiga kelele.

"Muache," nikamwambia. "Muache aitike hivyo hivyo."