Daktari wa Mbali na Majirani

Bi Wartini alikuwa mkuu wa jiko la kijiji kizima. Iwe harusi, iwe tohara, iwe hitima ya siku ya elfu ya marehemu, wanawake hawakuinjika sufuria kubwa mpaka yeye aseme. Basi, tangu mvua zilizopita, akisikia tu zile kelele zao jikoni, moyo ulimwenda mbio, mikono ikawa baridi, pumzi zikamkatika. Mara ya kwanza alikimbilia nyumbani akasingizia tumbo. Baadaye akawa haendi kabisa. Usingizi ukamtoroka, na wali ukawa unampita kooni kama mchanga. Daktari wa zahanati alimpima akasema moyo ni mzima, amwone daktari wa magonjwa ya akili.

"Wa akili!" alimwambia bintiye, Retno. "Umeniona naokota makopo?"

"Mama, hujalala. Jana umetia sukari kwenye samaki."

"Sukari kidogo haijaua mtu."

Lakini alikuwa anaogopa, na Retno alijua. Jiko ndilo lililokuwa maisha yake; bila jiko alikaa barazani kama mgeni aliyesahauliwa.

Wakaanza kuchagua daktari. Retno alitaka kujua yupi anasikiliza na yupi anaeleza dawa zake. Bi Wartini alitaka kujua jambo moja tu: nani atamwona akiingia. Hospitali ya mjini aliikataa hapo hapo, kwa kuwa anayelinda pikipiki pale ni mpwa wa Bi Jumirah, jirani yao wa ukuta kwa ukuta.

"Sijafika mlangoni, Jumirah ameshajua nimevaa viatu gani," alisema.

Wa pili alikuwa mzee mmoja aliyeona wagonjwa nyumbani kwake jioni. Bi Wartini aliingia na barakoa usoni na kofia ya pikipiki kichwani, akakaa nayo barazani mpaka jasho likamtiririka mgongoni, akaingia nayo hadi kwa daktari. Alipotoka, Retno alimkuta ameshika karatasi ya dawa.

"Mbona haraka hivyo?"

"Nimesema 'tangu mvua', akaandika. Retno, mtu yule hakuinua macho. Hata hakuniuliza kwa nini nimevaa kofia!"

Karatasi ile ilibaki mkobani, na dawa hawakununua.

Wa tatu alikuwa Daktari Hapsari, huko mji wa Klaten, mwendo wa kuchosha makalio. Retno akapiga simu. Muuguzi akaeleza taratibu kwamba mara ya kwanza mazungumzo huwa marefu, kwamba mgonjwa anaweza kuingia peke yake au na mtu wake, na kwamba haandikiwi dawa kabla ya kuelezwa ni ya nini.

"Muulize kama kuna mtu wa kwetu anafanya kazi hapo," Bi Wartini alinong'ona.

Hakuna. Basi ikawa huyo.

Asubuhi ya kwenda, Bi Jumirah alichungulia juu ya ukuta. "Dada, mapema hivi wapi?"

"Hospitali, na Retno," Bi Wartini akajibu haraka, akapanda pikipiki.

Hapo ndipo alipojiponza. Kijijini kwao mtu akienda hospitali lazima atazamwe, na gari hutafutwa kabla hata ugonjwa haujaulizwa. Nyumbani alibaki Yanto, mume wa Retno, mtu mpole asiyeweza kudanganya hata kuku. Wanawake walipomuuliza ni hospitali gani, akawatajia na mtaa.

Bi Wartini alikuwa ameketi akingoja zamu yake, angalau leo bila kofia, aliposikia gari la mizigo likipiga honi nje. Wakashuka wanawake wa jikoni wote, wamevaa ushungi wa kijani wa kikundi chao cha dua, na ndizi, na machungwa, na mkebe mkubwa wa biskuti. Bi Jumirah mbele.

"Wodi iko wapi?" alimuuliza muuguzi.

"Hapa hatulazi, mama. Watu huja na kurudi."

Bi Jumirah akasoma kibao ukutani. Akakisoma tena. "Ya akili? Nani mgonjwa?"

Moyo wa Bi Wartini ukaanza mbio zake. Mdomo ukatangulia: "Retno."

Retno akamgeukia mama yake.

Wakamvamia maskini wa watu, mmoja anamshika mkono, mwingine anamsugua mgongo.

"Mwanangu, ni yule Yanto, eh? Wapole ndio wabaya!" Bi Jumirah alimjazia machungwa mapajani. "Mfukuze! Leo hii tumtolee nguo zake nje!"

"Yanto hajanifanya kitu, shangazi."

"Ndivyo wanavyosema wote!"

Mmoja alikuwa ameshatoa simu ampigie mama yake Yanto. Retno hakujitetea. Alimtazama mama yake tu, machozi yakimlenga, chungwa moja likibingirika sakafuni. Muuguzi akaja kimya kimya, hakuita jina la mtu. Akasema polepole, "Zamu imefika. Nani anaingia?"

Bi Wartini alitamani sakafu impokee. Kisha akasimama.

"Weka simu hiyo. Mgonjwa ni mimi."

Akawageukia wote.

"Mimi ndiye nisiyelala. Jiko linanitisha. Nikiwasikia ninyi, napata shida kupumua."

Bi Jumirah alimkodolea macho. "Sisi?"

"Ninyi. Na masufuria."

"Sasa si ungesema, dada! Machungwa yote nimempa Retno!" Akaanza kuyakusanya mapajani mwa binti wa watu. "Miezi yote hii nasema umeniringia."

Bi Wartini aliingia peke yake, mlango ukafungwa. Daktari Hapsari aliweka kalamu chini, akamtazama usoni, akauliza, "Jiko linakutisha vipi?" Bi Wartini akasema, akalia, akasema tena, na hakuna aliyemharakisha.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na biskuti zilikuwa zimeshaliwa, muuguzi naye akitafuna.

"Unarudi lini?" Bi Jumirah aliuliza. "Tumwambie mwenye gari."

"Baada ya wiki mbili," alisema Bi Wartini. "Mje wawili tu. Na mkae nje."